Mashairi Kutoka Nyuma ya Pazia

20 Januari

Mdogo wangu Cherehani,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo uko palepale. Shemeji yako amenunua jogoo anayewika saa nane mchana. Tumemwambia amrudishe alikomtoa, naye anasema mnyama mgeni apewe muda. Mimi nipo, mimi na chaki, chaki na mimi.

Nilikupigia simu wiki iliyopita, na juzi tena. Iliita mpaka ikachoka yenyewe, ndiyo maana naandika.

Mwaka huu nimepewa darasa la nne, na juu ya hilo nimepewa maktaba. Usifikirie jengo. Ni ile iliyokuwa stoo ya madawati mabovu, yenye dirisha moja la wavu na mlango ambao lazima uuinue kidogo ndipo ufungike. Fundi amezigeuza mbao za madawati kuwa rafu. Vitabu tumepata vya kutosha, ila watoto hawavisomi, wanaviimba. Kila mstari unapanda mwanzoni na kushuka mwishoni, na ukimwuliza mmoja amesoma nini, anakutazama kama umemtukania mzazi.

Juzi nikajaribu kitu. Kitabuni kulikuwa na mazungumzo ya mwenye duka na mteja. Nikamfanya mmoja awe mwenye duka, mwingine awe mteja. Wakaelewa hapohapo, wakaanza hata kubishania bei ambayo haimo kitabuni. Ndipo nikakukumbuka wewe, mtu pekee wa ukoo huu anayekula na kulala jukwaani. Niandikie mashairi mafupi ya watoto kuhusu ukumbi wa maigizo: pazia, taa, mavazi, mtu anayesahau maneno. Wengi wao hawajawahi kuona jukwaa. Nataka walisome mpaka walione.

Mama anauliza msimu huu unaigiza nani.

Dada yako


11 Februari

Dada yangu,

Shikamoo, na Mama mpe shikamoo yake peke yake, asiseme nimemchanganya na wengine. Shemeji mwambie namwunga mkono kuhusu jogoo. Hata sisi wasanii huamka saa hizo.

Simu yangu ina matatizo. Usijisumbue kupiga, niandikie tu. Barua ina raha yake, mtu hawezi kukukatiza.

Huku mvua imepata njia juu ya chumba cha mavazi, tumetega ndoo tatu. Kikundi kiko kwenye mazoezi ya mchezo mpya. Mwongozaji wetu ni yuleyule, anavaa koti hata jua likiwaka, na akikasirika hupunguza sauti badala ya kuipandisha.

Nimekuandikia la kwanza. Mizani ni minane kila mstari, uwaonyeshe kwa kupiga makofi.

Mimi pazia la mbele,
sina kinywa cha kelele,
lakini nipande kule,
ukumbi mzima kimya.

Nyuma yangu kuna mambo:
simba anashona pambo,
shujaa kashika tumbo,
ukumbi mzima kimya.

Usiwasimamishe mstari mmoja kama wanaosubiri sindano. Wawili wawe pazia. Mmoja awe simba, na simba huyo apewe uzi wa kweli na sindano ya kujifanya. Waliobaki wawe ukumbi. Kazi ya ukumbi ni kunyamaza, nayo ni ngumu kuliko zote, wala usiwape watundu kama adhabu. Wape kama heshima.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Mama amepata dawa ya kuchua magoti, nyumba nzima inanuka kama chumba cha wachezaji mpira. Jogoo bado anafuata saa yake.

Shairi limefika na limefanya kazi yake. Nilileta shuka langu la kitanda, wavulana wawili wakalishika wakiwa wamesimama juu ya viti. Shujaa wetu alishika tumbo kwa ufundi mpaka nikamwuliza kwa siri kama anaumwa kweli. Kuna msichana mmoja tunamwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Nilifuata ushauri wako nikampa uongozi wa ukumbi. Alinyamaza mpaka jasho likamtoka.

Mwalimu Mkuu akaingia katikati. Akatazama shuka, akatazama viti vilivyokanyagwa.

"Mwalimu, hiki ni kipindi gani?"

Kabla sijajibu, Redio akaweka kidole mdomoni, akamwambia kwa adabu zake zote, "Mwalimu Mkuu, ukumbi mzima kimya."

Mzee yule akakaa kwenye dawati la nyuma akatazama mpaka mwisho. Alipoondoka aliniambia mtihani wa mkoa haupimi mashuka. Lakini alikaa.

Jumamosi tunayasoma maktabani, na wanakuja hata wa darasa la pili. Wanauliza kama aliyeandika yuko hai. Nimewaambia ni mdogo wangu, na ni mwigizaji. Sasa wanataka uje wakuone. Njoo likizo ya Aprili. Na hukutuambia unaigiza nani.

Dada yako


9 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, kazi zimeniandama. Ndoo za mvua zimekuwa nne. Nimefurahi sana kumsikia Redio, mtoto wa aina hiyo usimpoteze.

Aprili sitaweza kuja. Mchezo unafunguliwa na kuna nguo nyingi za kupiga pasi, na mabega ya makoti yote yamefumuka. Baadaye tutaona.

Nimekuwekea mashairi manne: la ndoano inayoning'iniza mavazi, la viatu vinavyovaliwa na watu tofauti kila msimu, la mshika taa, na hili la mnong'onezi. Waeleze kwanza kwamba katika kumbi za zamani alikuwapo mtu aliyejificha na kitabu. Mwigizaji akisahau, yeye humnong'onezea.

Nimejificha gizani,
kitabu ki mkononi,
yakipotea kichwani,
maneno yako ninayo.

Hili lisomwe na wawili. Mmoja asahau kwa makusudi, mwingine amtoe aibu. Kisha wabadilishane, ili kila mtoto ajue kusahau kukoje.

Msalimie Mama. Mwambie nakula vizuri.

Mdogo wako


25 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Shemeji yako amesafiri na lori, jogoo amebaki kama mwenye nyumba.

Mashairi yako tumeyabandika kwenye ukuta wa maktaba, kila moja na picha iliyochorwa na watoto. Jumamosi iliyopita Redio alisimama mbele ya ukuta huo mikono nyuma, kama mkaguzi. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona mdogo wako kila siku yuko nyuma? Nyuma ya pazia, nyuma ya taa, nyuma na nguo. Yeye mwenyewe hatoki?"

Nikamwambia washairi ndivyo walivyo. Lakini jioni niliyasoma upya yote, na barua zako pia. Mtoto amesema kweli. Nimekuuliza mara mbili unaigiza nani, umenijibu habari za pasi. Tangu lini mwigizaji anashona mabega ya makoti?

Nilimsomea Mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata macho. Akasema, "Usimwulize kama anaigiza. Mwulize kama anasikia."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema ulipokuja mara ya mwisho ulikaa siku zote upande wa ukuta, sikio la kushoto ukutani, la kulia kwetu. Alikuuliza kama utakunywa chai, ukamjibu kwamba basi linaondoka asubuhi. Na akanikumbusha simu zako za mwaka jana: unaongea wewe, unaongea wewe, unasema haya kwaheri, unakata. Mimi nilidhani ni cherehani ileile ya utotoni, mdomo usiokatika uzi.

Kwa hiyo nakuuliza alivyosema Mama.

Dada yako


30 Mei

Mdogo wangu,

Mwezi umepita. Barua yangu najua imefika, maana posta ya huko haijapata kupoteza kitu chako isipokuwa wewe mwenyewe. Shemeji yako amerudi salama. Mama anasema nisikusukume. Mimi si Mama.

Watoto wanaendelea. Siku hizi tunasomea kwenye korido karibu na ngazi, kuna upepo mzuri, ila darasa la sita wakitoka kila neno linakanyagwa.

Walichoka kusubiri uje, wakaamua kukujibu kwa njia yako. Walikaa kipindi kizima wakipiga makofi na kugombana juu ya mizani. Sikuwasaidia, ila niliwaondolea neno moja lisilofaa. Nakunakilia.

Nimekaa kiti nyuma,
mbele kofia ya mama,
sioni unaposema:
njoo mbele nikuone.

Dada yako


14 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama shikamoo yake.

Shairi la watoto nimelikunja na kulikunjua mpaka karatasi imeanza kukatika. Nitakueleza mara moja, kisha tusirudie rudie.

Ni masikio yote mawili. La kushoto limekwisha, la kulia linasikia kama mtu aliye chumba cha pili na mlango umefungwa. Daktari anasema ni mishipa, haikusababishwa na kitu nilichofanya, na haitarudi. Nina kifaa cha kuvaa. Kinakuza kelele zote sawasawa, kikohozi cha mtazamaji na maneno ya mwenzangu.

Niligundua mwaka jana, kwenye onyesho la mchana la wanafunzi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa mbao nikisubiri mwenzangu aseme, "Nani yuko nje?" ndipo niingie. Nikasubiri. Nikaona tu kitasa kinatikisika. Kumbe ameshasema mara nyingi, ukumbi unacheka, yeye mwenyewe amekuja kunifungulia. Nikaingia na jibu la swali jingine kabisa. Watoto walicheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Sikumbuki nilivyomaliza.

Nilimwambia mwongozaji nina mafua makali. Akanipeleka chumba cha mavazi nipumzike kwa muda, na mimi nikauacha huo muda uwe mrefu. Niliwahi kuomba kazi ya kuwanong'onezea wenzangu kwenye mazoezi, nikajirudi mwenyewe. Mnong'onezi asiyesikia ni kama mpishi asiyeonja. Hakuna anayejua hapa, nadhani. Nyumbani sikusema kwa sababu Mama angetaka nirudi, na ningerudi.

Kwa hiyo usiwaahidi watoto. Watakuja wanizunguke na maswali, nami nitawajibu wasiyouliza. Wataondoka wanacheka, na safari hii haitakuwa mchezo.

Na wewe pia unaficha kitu. Tangu Januari umeniandikia rafu, wavu, mlango wa kuinua. Mara ghafla korido na upepo mzuri. Maktaba iko wapi?

Mdogo wako


28 Juni

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako peke yangu, kisha nikamsomea Mama. Akasema, "Kurudi ni kurudi, kutembelea ni kutembelea. Mwambie atembelee." Kisha akauliza kama kifaa hicho kinaumiza sikio. Mjibu.

Maktaba imechukuliwa. Mwalimu Mkuu aliagiza mashine ya fotokopi kwa ajili ya mitihani ya majaribio, na stoo ndiyo yenye mlango unaofungika. Vitabu viko kwenye maboksi chini ya ngazi. Sikukuambia kwa sababu ningekuambia, ungekuja kwa kunihurumia au ungekataa huku unajilaumu, na yote mawili sikuyataka.

Nilienda ofisini kwake nikamwambia watoto hawa sasa wanasoma na kuelewa. Akasema, "Nionyeshe mbele ya wazazi. Siku ya wazazi ni Julai mwishoni. Wakiridhika wao, nami nitaridhika." Si mtu mbaya. Ana hofu ya matokeo, kama sisi wote.

Sasa nakuomba, na naomba kikazi. Tulifanya jaribio uwanjani. Nusu ya watoto wanameza maneno, nusu wanapiga kelele mpaka shairi linapasuka. Mimi nimewazoea, nawaelewa hata wakiguna, sifai kuwapima. Wazazi watakaa mpaka nyuma kabisa, na upepo, na watoto wachanga wanaolia. Nataka mtu ambaye akimwelewa mtoto, basi kila mtu amemwelewa. Simjui mwingine.

Niliwaambia ukweli, maana nisingeweza kuwaletea mgeni bila kuwaeleza. Redio akauliza, "Hasikii kabisa, au kama babu yangu anayesikia akitaka?" Nikamwambia anasikia kidogo na anasoma midomo. Tangu siku hiyo wanakaa wawili wawili, wanasemeshana bila sauti, na asiyeeleweka anarudia. Darasa halijawahi kuwa kimya hivi.

Nijibu kwa ndiyo au hapana. Shemeji yako atakuwa na lori upande huo tarehe kumi na tano.

Dada yako


6 Julai

Dada,

Shikamoo. Ndiyo.

Kifaa hakiumizi, kinawasha tu. Shemeji anichukue kwenye geti la nyuma la ukumbi. Asipige honi, ashuke anigonge bega.

Mdogo wako


12 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Nilirudi huku salama, isipokuwa Shemeji aliongea njia nzima huku anatazama barabara, kwa hiyo sijui tulizungumza nini. Nilitikisa kichwa penye kona. Mwambie kama nilikubali kumnunua yule jogoo, nimebadili nia.

Siku ya wazazi wewe ulikuwa nyuma ya shuka na watoto, hukuona upande wetu. Nilitaka kukueleza palepale ila kila mtu alikuwa anakushika mkono.

Nilikaa chini mbele, kwenye mkeka, pamoja na wadogo. Mama alikuwa kwenye kiti nyuma yangu, goti lake mgongoni mwangu. Kila ukumbi ulipocheka alinisukuma kwa goti, nami nikacheka kwa wakati. Mwalimu Mkuu alisimama pembeni, mikono kifuani. Pazia na viatu vilikwenda vizuri. Yule mvulana wa mshika taa, niliyemfundisha kufungua mdomo zile wiki mbili nilizokaa nanyi, aliufungua mpaka nikaona jino linaloota.

Kisha akaja Redio na shairi lao lenyewe, lile la kiti cha nyuma, sasa limeongezwa beti. Alipofika ubeti wa tatu midomo ikasimama. Wengine nadhani walidhani anapumua. Mimi nilikuwa nimemtazama bila kupepesa, nikaona macho yanaanza kutafuta. Akanitazama. Nikamtamkia mstari bila sauti, polepole, kama walivyokuwa wakifanya darasani. Akaudaka, akaendelea, na hakuna aliyejua zaidi ya sisi wawili. Sasa na wewe. Wala usimwambie kwamba nimekuambia.

Wazazi waliposimama kupiga makofi, Mwalimu Mkuu alikuja akainama mbele yangu ili nimwone mdomo. Nadhani watoto walimfundisha. Akasema, "Nimesikia kila neno, nami nilikuwa karibu na barabara." Nikamwuliza, "Na chumba?" Akatazama pembeni, hivyo jibu lake sikulipata, ila barua yako ya juzi imeniambia: mashine inabaki kwenye kona, imefunikwa kitambaa, vitabu vimerudi kwenye rafu, na chumba ni cha watoto kila mchana baada ya masomo na Jumamosi nzima. Si ushindi wote. Nisingekataa.

Niliporudi nilikwenda kwa mwongozaji kabla sijavua begi. Nikamwambia. Akapunguza sauti, nikamwambia aipandishe au aniandikie. Akachukua kalamu akaandika: Tulijua. Tulikuwa tunasubiri useme.

Nilikasirika kuliko nilivyotegemea. Mwaka mzima wamenitazama nikishona makoti wakiwa wanajua, wakiita hiyo heshima. Nilimwambia hivyo, kwa sauti kubwa kupita kiasi, watu wakatoka vyumbani. Alikubali alikosea. Nami nilikubali kwamba nisingependa kuulizwa. Tukaishia hapo, kisha tukaanza kuzungumza kazi.

Kuna mchezo wa watoto wanautayarisha kwa ajili ya shule. Mashairi yangu yameingizwa, na la kofia ya mama limo pia, majina ya darasa lako yataandikwa kwenye bango. Nimepewa kuigiza. Mlango tumeuondoa kabisa, naingia nikiona taa ya kijani inawaka ukutani. Mwenzangu akifikia neno langu anageuza uso kwangu, na kama nimempa mgongo anakanyaga ubao mara moja, nausikia kwa miguu. Tumejaribu wiki nzima. Nimekosea mara nyingi, jana kidogo.

Tunafungua Jumamosi ya mwisho ya Septemba, mchana. Njoo na Mama, msaada wa ngazi upo. Nimewawekea viti vya mbele kulia, pale taa ya jukwaa inapofika, nipate kuwaona mkicheka.

Mdogo wako